Sura ya 7: Aliyeomba Jimbo kwa Rekodi ya Kaunti

Novemba 12, 2010, makachero wa FBI walibisha hodi kwenye nyumba moja ya Mitchellville, katika jimbo la Maryland, Marekani. Mwenye nyumba, Jack Johnson, hakuwepo. Alikuwa mtendaji mkuu wa Kaunti ya Prince George's, na zilikuwa zimebaki wiki chache tu amalize muhula wake wa pili na wa mwisho. Mkewe, Leslie, alikuwa amechaguliwa kuingia baraza la kaunti hiyohiyo siku kumi kabla. Mama akampigia mumewe simu: watu wako mlangoni, nifanye nini? Ndani kulikuwa na hundi ya dola 100,000 iliyotoka kwa mjenzi wa majumba. Johnson akamwambia aichane na kuimwaga chooni, na zile fedha taslimu azifiche mwilini. Wasichokijua ni kwamba simu ilikuwa inasikilizwa. Makachero walipompekua mama yule walimkuta na dola 79,600 ndani ya nguo zake za ndani.

Johnson alikiri makosa mwaka uliofuata, akafungwa miaka 7 na miezi 3. Mkewe alipata mwaka mmoja na siku moja. Kwa wakazi wa Prince George's haya yalikuwa zaidi ya habari za magazetini. Kaunti hii iliyopakana na Washington ina watu zaidi ya 900,000, wengi wao weusi, na inahesabika miongoni mwa sehemu zenye watu weusi wenye kipato kizuri kuliko zote Marekani: wanasheria, wahasibu, watumishi wa serikali kuu, wanajeshi wastaafu. Watu waliojenga maisha yao kwa jasho wakajikuta wanachekwa nchi nzima kwa ajili ya choo cha kiongozi wao.

Kiti hicho kichafu ndicho alichokalia Rushern Baker mwezi uliofuata, Desemba 2010. Sura hii inamhusu yeye, kwa sababu miaka minane baadaye alijaribu kukigeuza kuwa ngazi ya kupandia ugavana wa jimbo zima, na alipokwama, akajaribu tena miaka minne mbele, safari hii akiwa mtu aliyekwisha toka madarakani. Majaribio hayo mawili yanafundisha mengi kuhusu siasa za majimbo ya Marekani, pengine kuliko chaguzi za urais ambazo sote tunakesha kuzitazama.

Kabla ya kuendelea, msomaji wa Kenya asichanganyikiwe. Kwake yeye gavana ndiye mkuu wa kaunti. Marekani gavana ni mkuu wa jimbo, na kaunti zipo chini ya jimbo. Maryland ina kaunti 23 pamoja na Jiji la Baltimore linalojitegemea. Kaunti kubwa huongozwa na mtendaji mkuu anayechaguliwa na wananchi: ana bajeti yake, polisi wake, barabara zake, na baraza la kumbana. Ukitoka Upper Marlboro, makao makuu ya Prince George's, hadi Annapolis aliko gavana, hufikishi saa moja kwa gari. Kisiasa ni safari ndefu ajabu.

Baker alizaliwa Valdosta, Georgia, mwaka 1958, akakulia Massachusetts, na akasomea sheria Chuo Kikuu cha Howard. Aliingia bunge la jimbo katikati ya miaka ya 1990, akakaa miaka minane. Uongozi wa kaunti aliutaka mapema: aligombea 2002, Johnson akambwaga, akarudi 2006, Johnson huyohuyo akambwaga tena. Mara ya tatu, 2010, alipambana na mkuu wa masherifu wa kaunti anayeitwa Michael Jackson (ndiyo, jina ni hilo, na hapana, si yule), akashinda. Alishinda katika mchujo wa chama cha Democratic, na hapo mchezo ukawa umekwisha, kwa kuwa Prince George's Wademokrat ni wengi kiasi kwamba mchujo wao ndio uchaguzi wenyewe. Novemba ni taratibu tu.

Miaka minane aliyokaa pale inaweza kusimuliwa kwa majengo. Kasino na hoteli ya MGM ilifunguliwa National Harbor, kando ya Mto Potomac, Desemba 2016, ikaingiza kodi na ajira. Mpango wa hospitali mpya ya mkoa pale Largo ulipiganiwa wakati wake, ingawa milango ilifunguliwa 2021 akiwa amekwisha ondoka. Ofisi ya mtendaji mkuu iliacha kunuka rushwa. Hilo la mwisho halina utepe wa kukata wala jiwe la msingi, lakini kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Palikuwa na shule. Baker aliweka shingo yake kwenye shule kuliko kiongozi yeyote wa kaunti aliyemtangulia. Mwaka 2013 aliomba na kupata sheria ya jimbo iliyompa mtendaji mkuu nguvu ya kumteua msimamizi wa shule za kaunti. Mwaka 2015 akapendekeza kodi ya majengo ipandishwe kwa asilimia 15 ili fedha ziende madarasani. Mwanasiasa anayejua kuwa atarudi kuomba kura na bado anathubutu kupandisha kodi kiasi hicho, ama ni mjinga ama anaamini anachokisema. Baraza likaikata hadi kama asilimia 4. Kisha, mwishoni mwa 2017, ukaguzi ulioagizwa na jimbo ukaonyesha kwamba katika shule za kaunti alama zilibadilishwa na kuna wanafunzi waliohitimu bila kustahili. Msimamizi aliyeteuliwa chini ya sheria ya Baker akalazimika kuaga. Aliyeomba kushika usukani wa shule alipewa, na gari lilipoingia mtaroni hakuwa na wa kumsingizia.

Hivyo ndivyo alivyoingia mchujo wa ugavana wa 2018.

Mchujo wa Maryland ni wa wanachama: mpigakura aliyejiandikisha Democratic anapiga kura ya Democratic, wa Republican ya Republican, na asiye na chama anabaki nyumbani. Hakuna duru ya pili. Wagombea wakiwa tisa, mwenye asilimia 30 anaweza kuondoka na tiketi. Na tofauti na kura za maoni za CCM tunazozifahamu Tanzania, hakuna kikao cha juu kitakachokaa usiku na kulikata jina la aliyeongoza. Kura ya mwanachama ndiyo neno la mwisho. Kila mgombea ugavana pia huja na mgombea mwenza wake kabla ya mchujo, na mwenza huyo huchaguliwa kwa hesabu ya ramani. Baker alimchukua Elizabeth Embry, mwanasheria wa Baltimore.

Kwa nini Baltimore? Kwa sababu Maryland ni jimbo moja lenye vichwa viwili. Watu wa kaunti za Prince George's na Montgomery wanatazama televisheni za Washington na kusoma Washington Post. Watu wa Baltimore na vitongoji vyake wana televisheni zao na gazeti lao, Baltimore Sun. Unaweza kuongoza watu 900,000 kwa miaka minane, na mama mmoja wa Towson, mwendo wa saa moja tu, asilijue jina lako. Kumfikia kunataka matangazo ya televisheni. Matangazo ya Washington nayo ni ghali mno, na nusu ya unachokilipia kinaangukia kwa watazamaji wa Virginia na Washington yenyewe ambao hawana kura yako. Biblia inasema nabii hana heshima kwao. Mtendaji wa kaunti Maryland ana heshima kwao tu.

Katika mchujo huo Baker hakuwa mtendaji wa kaunti peke yake. Kevin Kamenetz wa Kaunti ya Baltimore, ambayo ni tofauti na jiji lenye jina hilo, naye alikuwemo, ana fedha za kutosha na ana rekodi kama ya Baker. Alfajiri ya Mei 10, 2018, moyo wa Kamenetz ulisimama. Alikuwa na miaka 60. Mgombea mwenza wake, Valerie Ervin, akajitwika kampeni, lakini kura za karatasi zilikuwa zimekwisha chapwa na jina la marehemu. Ervin alipambana mahakamani ili jina lake litambuliwe ipasavyo, kisha siku chache kabla ya uchaguzi akajitoa na kumuunga mkono Baker. Watu wa Maryland wakapiga kura huku jina la marehemu lingali kwenye karatasi.

Upande wa pili alisimama Ben Jealous, aliyekuwa rais wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi Marekani. Jealous hakuwahi kushika ofisi yoyote ya kuchaguliwa. Hakuwa amejaza shimo hata moja la barabarani. Alikuwa na Bernie Sanders jukwaani, na ahadi zilizoeleweka kwa sentensi moja: matibabu kwa wote, elimu ya chuo bila deni, mshahara wa chini wa dola 15 kwa saa. Baker alikuwa na wakubwa wa chama: Seneta Chris Van Hollen, mbunge Steny Hoyer, na tahariri ya Washington Post iliyompigia debe. Chama cha walimu wa jimbo kilikwenda kwa Jealous. Tafakari hapo kidogo: mtu aliyetaka kuwatoza majirani zake asilimia 15 zaidi kwa ajili ya shule, walimu wakampita na kumkumbatia ambaye hajawahi kuandaa bajeti ya shule.

Juni 26, Jealous alipata karibu asilimia 40, Baker asilimia 29. Kwao Prince George's Baker alishinda. Karibu kila mahali pengine aliangushwa.

Wachambuzi walisema chama kimeelekea kushoto. Ni kweli kwa sehemu, lakini haitoshi. Ninavyoona, tatizo la Baker lilikuwa ni rekodi yenyewe. Rekodi ya kaunti ina kila kitu: kasino ndani yake, kodi ndani yake, alama za kughushi ndani yake. Mpinzani anachagua kipande anachokitaka. Ahadi ya mtu asiyewahi kuongoza haina makovu. Msomaji wa Kenya anaweza kuniambia kwamba hata kwao magavana waliomaliza mihula miwili huondoka wakibishana na ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu, huku wasio na ofisi wakihutubia kwa sauti safi. Sawasawa. Ila Kenya gavana akimaliza huweza kutafuta useneta, uwaziri au uspika, kama Amason Kingi wa Kilifi aliyeishia kuwa Spika wa Seneti. Maryland ngazi ni chache.

Tuangalie waliokwisha fika. Katika historia ya karibuni, watendaji wa kaunti wawili tu wa Maryland waligeuka magavana.

Wa kwanza ni Spiro Agnew, aliyeongoza Kaunti ya Baltimore. Mwaka 1962 aliingia ofisini kwa sababu Wademokrat waligombana wao kwa wao. Alijua bahati hiyo haitarudi, kwa hiyo 1966, akiwa bado kazini, akaomba ugavana kwa tiketi ya Republican. Bahati ikarudi. Mchujo wa Democratic ulikwenda kwa George Mahoney, tajiri wa kandarasi aliyefanya kampeni dhidi ya sheria za kuwaruhusu weusi kununua nyumba popote, na alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 2,000 kwa kuwa wapinzani wake waligawana kura. Weusi na Wademokrat wa siasa za wastani wakamkimbilia Agnew. Miaka miwili baadaye alikuwa mgombea mwenza wa Nixon. Oktoba 10, 1973, akajiuzulu umakamu wa rais: wahandisi wa Kaunti ya Baltimore waliopewa kazi za umma walikuwa wamewaeleza waendesha mashtaka jinsi walivyompelekea bahasha tangu enzi za kaunti hadi Ikulu ya Washington. Hakupinga shtaka la kukwepa kodi, akapigwa faini ya dola 10,000 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka mitatu. Kaunti ilimpandisha na kaunti ikamshusha.

Wa pili ni Parris Glendening, profesa wa siasa aliyeongoza Prince George's miaka 12. Mwaka 1994, naye akiwa bado kitini, alishinda mchujo wa Democratic kwa urahisi, kisha Novemba akamshinda Ellen Sauerbrey kwa kura 5,993 katika jimbo zima. Alishinda sehemu tatu tu: Prince George's, Montgomery na Jiji la Baltimore. Zilimtosha.

Kati ya hao wawili na Baker yupo mtu ambaye habari zake hazisimuliwi sana: Doug Duncan wa Montgomery. Aliongoza kaunti tajiri kwa miaka 12, na nchi nzima ilimwona Oktoba 2002 wakati wadunguaji walipokuwa wakiua watu kwenye vituo vya mafuta na maegesho ya magari. Mwaka 2006 aliingia mchujo wa ugavana kupambana na Martin O'Malley, meya wa Baltimore. Juni mwaka huo akajitoa, akasema wazi kwamba anaumwa sonona. Mwanasiasa kutamka neno hilo hadharani mwaka 2006 kulihitaji ushujaa. Mwaka 2014 alirudi kuomba kiti chake cha zamani cha kaunti, na wananchi wa Montgomery, waliokuwa wakimshangilia, wakamchagua tena Ike Leggett, aliyekuwa kitini.

Baker angeweza kumtazama Duncan akajifunza. Lakini Oktoba 2021 alitangaza tena kugombea ugavana. Alikuwa ametoka kumzika mkewe, Christa Beverly, aliyeugua Alzheimer miaka mingi tangu akiwa bado na umri mdogo kwa maradhi hayo. Baker mwenyewe alizungumza waziwazi juu ya kumuuguza huku anaongoza kaunti. Sioni vigumu kuelewa kwa nini mtu aliyetoka kwenye msiba wa namna hiyo atafute kazi kubwa ya kumjaza siku zake.

Safari hii hakuwa na ofisi. Naomba msomaji aone maana yake kwa vitendo. Mtendaji mkuu aliye kazini akipiga simu kwa mjenzi wa nyumba, simu inapokelewa mlio wa kwanza. Akizindua zahanati, kamera zipo. Vyama vya wafanyakazi vinamhofia, hata visipompenda. Aliyestaafu anapiga simu na kuacha ujumbe. Baker, akiwa na mwenza wake Nancy Navarro wa baraza la Montgomery, aliamua kutumia mfuko wa umma wa kampeni, ambao unakubali mchango wa mtu mmoja usiozidi dola 250 na jimbo linaongezea. Ni mpango safi. Larry Hogan aliutumia kuomba ugavana 2014 na akashinda. Lakini dola 250 zinafika polepole, na televisheni ya Baltimore haikopeshi.

Juni 2022, wiki chache kabla ya mchujo, Baker akasitisha kampeni. Jina lilibaki kwenye karatasi. Kura zilipohesabiwa baada ya Julai 19, lilikuwa limepata asilimia 4 hivi. Wes Moore, mwandishi wa vitabu na mwanajeshi wa zamani ambaye hakuwa amewahi kuchaguliwa popote, aliyebebwa na sauti ya Oprah Winfrey, alishinda kwa asilimia 32. Wa pili kwa asilimia 30 alikuwa Tom Perez. Perez naye aliwahi kukaa baraza la Kaunti ya Montgomery, lakini hakuna aliyempigia kura kwa hilo. Walimpigia kwa kuwa alikuwa waziri wa kazi wa Obama na mwenyekiti wa chama kitaifa. Kaunti ilikuwa mstari mmoja tu wa wasifu wake.

Wapo watakaosema Baker alikosea kwenda na mfuko wa umma, au alichelewa kuingia. Mimi nasema alikosea mwaka. Angepaswa kushinda 2018 akiwa bado na funguo za ofisi mfukoni, kama Agnew na Glendening, au asijaribu tena. Angela Alsobrooks, aliyerithi kiti chake Upper Marlboro, alilielewa hilo. Ugavana wa 2022 aliuacha upite. Mei 2024, akiwa bado mtendaji mkuu, aliingia mchujo wa useneta dhidi ya David Trone, mfanyabiashara wa mvinyo aliyemwaga zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake, akamshinda. Novemba akamwangusha Larry Hogan mwenyewe, gavana wa zamani ambaye baba yake naye aliwahi kuongoza Prince George's.

Alsobrooks alipokwenda Washington, kiti cha kaunti kikabaki wazi na uchaguzi maalumu ukaitishwa. Rushern Baker akajitokeza kukiomba, akiwaahidi wakazi uzoefu wa miaka minane. Mchujo ulifanyika Machi 2025. Wademokrat wa Prince George's, walewale waliompa kura hata siku jimbo zima lilipomkataa, walimchagua Aisha Braveboy, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, aliyekuwa kazini.